Jembe limebaki kijijini, misuli isilale mjini

WATU wengi wanaotafuta riziki Tunduma hawakukulia mjini hapo. Wametoka vijijini Mbozi, Momba na Ileje, ambako siku ilianza kwa jembe kwenye shamba la mahindi au kahawa na kuisha kwa kubeba kuni na ndoo za maji. Mjini siku ni nyingine. Mwenye duka anakaa nyuma ya meza tangu asubuhi hadi usiku, wakala wa forodha anakaa mbele ya kompyuta, na dereva wa lori anakaa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Anayetaka kwenda Mpemba anaita bodaboda.

Ugali kwenye sahani ni uleule, pengine umeongezewa soda na chipsi. Kilichopungua ni kazi ya misuli, na hapo ndipo kisukari kinapopata mwanya.

Jambo hili limepimwa hapa nchini. Mwaka 1989 watafiti wakiongozwa na Profesa Donald McLarty wa Muhimbili walitoa matokeo ya vipimo vya watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika kila watu 100. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2000, ulilinganisha Ilala jijini Dar es Salaam na Shari, kijiji cha mkoani Kilimanjaro. Ilala wagonjwa walikaribia sita katika kila 100, wakati Shari hawakufika wawili.

Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya watu waliofuatiliwa walipohama kutoka vijijini Morogoro kwenda Dar es Salaam. Ndani ya mwaka mmoja tu, wanaume waliokuwa wakifanya kazi za nguvu walishuka kutoka asilimia 79 hadi 26, na wanawake kutoka asilimia 38 hadi 16. Uzito wao uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo mbili. Safari ya kutoka Momba hadi Tunduma ni fupi kuliko hiyo, lakini kwa misuli mabadiliko ni yaleyale.

Ghala la sukari

Ugali, wali au ndizi vikishasagwa tumboni hugeuka kuwa sukari iitwayo glukosi, ambayo huingia kwenye damu. Kongosho hutoa homoni ya insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kuifungulia sukari hiyo milango ya chembe za mwili. Ghala kubwa kuliko yote ni misuli. Insulini inapofanya kazi vizuri, sehemu kubwa ya sukari inayotolewa kwenye damu huishia humo.

Misuli isiyotumika ghala lake hubaki limejaa, na mafuta huanza kujikusanya ndani yake. Ufunguo unakuwa mgumu kuzunguka. Kongosho linaongeza insulini ili kulazimisha mlango, na baada ya miaka linachoka. Sukari inabaki kwenye damu, na polepole inaharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu. Hiki ndicho kisukari cha aina ya pili, ambacho mtu anaweza kuishi nacho muda mrefu bila kujua.

Mazoezi yana njia yake ya pembeni. Msuli unapojikunja na kujinyoosha, protini iitwayo GLUT4 hutoka ndani ya chembe na kuja juu kuvuta sukari, hata kama insulini haifanyi kazi sawasawa. Ndiyo maana mwenye kisukari cha aina ya pili akitembea kwa kasi baada ya kula, mara nyingi sukari yake hushuka.

Baada ya hapo misuli huendelea kuvuta sukari ili kujaza ghala lililotumika. Hali hiyo hudumu kwa siku moja hadi mbili hivi, kisha hufifia. Mazoezi hayawekwi akiba kama fedha benki. Mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, Serikali ilihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Ni mwanzo mzuri wa kuhamasishana, lakini anayesubiri Jumamosi hiyo peke yake anaiacha misuli yake ilale wiki nne.

Kiasi kinachotosha

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani dakika 30 kwa siku tano. Kipimo ni rahisi: mtu anaweza kuongea akiwa anatembea, lakini hawezi kuimba. Siku mbili kati ya hizo ziwe na mazoezi ya kutunisha misuli, kwa sababu misuli ikiongezeka na ghala linaongezeka. Mwenye kisukari asipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi.

Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulihusisha zaidi ya watu 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliolenga dakika 150 kwa wiki pamoja na kupunguza uzito kidogo walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin walipunguza kwa asilimia 31.

Hakuna haja ya kulipia gym. Mwenye duka anaweza kusimama na kukaa kwenye kiti chake mara 10 kila baada ya nusu saa, au kusukuma ukuta kwa mikono. Dereva aliye kwenye foleni anaweza kushuka na kulizunguka lori lake mara kadhaa. Kuchota maji, kulima bustani na kufua kwa mikono ni mazoezi pia. Kwa mama anayeona aibu kukimbia barabarani, kutembea na mumewe au jirani yake dakika 15 baada ya chakula cha jioni kunatosha kuanza, na watoto waende nao.

Mgonjwa achukue tahadhari

Anayetumia dawa asiziache kwa sababu ameanza mazoezi. Zinapunguzwa na daktari baada ya vipimo. Anayechoma insulini au kumeza glibenclamide anaweza kushukiwa na sukari akiwa njiani, kwa hiyo atembee na pipi au sukari mfukoni. Akitetemeka, akitoka jasho jembamba au akichanganyikiwa, asimame na kuila mara moja. Mwenye kifaa cha kupimia akikuta sukari iko chini ya 5, ale kidogo kwanza. Akisikia maumivu ya kifua, asiendelee, awahi hospitali.

Miguu ivalishwe raba na soksi, si ndala, na ikaguliwe kila jioni. Mgonjwa aliyepoteza hisia huweza kukanyaga msumari asijue, na kidonda kidogo kikaishia kwenye kukatwa mguu. Hapo duka linafungwa na ada za watoto zinakosa wa kuzilipa.

Mwenye kitambi, mwenye mzazi au ndugu anayeugua kisukari, na yeyote aliyevuka miaka 40 apime sukari kwenye kituo cha afya kilicho karibu naye. Kipimo ni tone moja la damu kidoleni. Na kama kituo kiko umbali wa nusu saa, aende kwa miguu.