Ukumbi wa Mwalimu: Mzunguko Ndani ya Mzunguko

Wazazi kadhaa wameniuliza juu ya kazi za kompyuta ambazo watoto huja nazo kutoka shuleni. Hapa England somo hilo limo katika mtaala wa taifa tangu Septemba 2014, na mtoto wa shule ya msingi hutakiwa ajue kuiagiza kompyuta irudie jambo. Akifika sekondari, aghalabu huambiwa achape maumbo ya nyota: mraba, pembetatu, piramidi. Mzazi akiziona nyota hizo hudhani ni mchezo, au hujitoa mapema kwa kusema, "Mimi mambo haya siyajui." Mtoto naye, akiachwa peke yake, huiomba mashine imwandikie jibu, akalinakili lilivyo. Alama huzipata, lakini elimu haipati. Siku ya mtihani wa GCSE, akipewa programu kwenye karatasi na kutakiwa aeleze itachapa nini, hana pa kushika.

Nakusudia kuonyesha kwamba mzazi asiyepata kuandika hata programu moja aweza kumsaidia mwanawe katika jambo hili. Kinachohitajika ni kujua kuhesabu.

Itazameni saa ya ukutani. Mshale mrefu humaliza dakika zake 60, ndipo ihesabiwe kuwa saa moja imepita. Kisha huanza upya. Kwa siku nzima zinapita saa 24, yaani dakika 24 × 60 = 1,440. Saa ni mzunguko wa nje, na dakika ni mzunguko wa ndani. Kanuni yake ni hii: kila wa nje unapopiga hatua moja, wa ndani huanza mwanzo na kwenda mpaka mwisho.

Sasa tulitazame umbo hili:

*
**
***
****
*****

Sisi twaona pembetatu. Kompyuta haioni umbo. Huchapa kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, wala hapa hairudi juu. Kwa hiyo yapo maswali mawili tu. Mistari ni mingapi? Hilo ni la mzunguko wa nje. Kila mstari una nyota ngapi? Hilo ni la mzunguko wa ndani. Chukueni karatasi mwandike: mstari wa 1, nyota 1, mstari wa 2, nyota 2, mpaka mstari wa 5, nyota 5. Mtoto atatambua mwenyewe kwamba idadi ya nyota ni sawa na namba ya mstari. Akishalisema hilo, programu amekwisha kuipata, imebaki kuiandika. Katika lugha ya Python huandikwa hivi:

for m in range(1, 6):
    for n in range(1, m + 1):
        print("*", end="")
    print()

Herufi m ni mstari, na n ni nyota. Python huishia kabla ya namba ya mwisho iliyotajwa; ndiyo sababu imeandikwa 6 ilhali mistari ni 5. Neno end="" huizuia kompyuta isishuke baada ya kila nyota, na print() ya mwisho huiamuru ishuke mstari ukishatimia.

Hiyo print() ya mwisho ndiyo huwatatiza wanafunzi wengi, kwa kuwa mahali ilipo ndipo penye maana yake. Ikisogezwa kulia, ikaingia katika mzunguko wa ndani, kila nyota hukaa peke yake na mistari huwa 15. Ikisogezwa kushoto kabisa, ikatoka katika mizunguko yote miwili, nyota zote 15 hujipanga katika mstari mmoja. Mwambieni mtoto ajaribu makosa hayo mawili kwa makusudi. Atajifunza zaidi kuliko kwa kunakili jibu sahihi.

Piramidi inazidi kidogo tu:

    *
   ***
  *****
 *******
*********

Hapa watoto husahau kwamba nafasi tupu nazo huchapwa. Basi jedwali liwe na safu tatu: mstari, nafasi, nyota. Nafasi ni 4, 3, 2, 1, 0, yaani 5 − m. Nyota ni 1, 3, 5, 7, 9, yaani 2 × m − 1. Ndani ya mzunguko wa nje huwekwa mizunguko miwili inayofuatana: wa kwanza wa nafasi, wa pili wa nyota.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, usimwache mtoto aiwashe kompyuta kabla ya jedwali kukamilika. Keti naye, umwulize kwa Kiswahili: "Mwanangu, mstari wa tatu una nafasi ngapi? Una nyota ngapi? Umejuaje?" Swali hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa, kwani aliyenakili hawezi kulijibu.

Zoezi la mwezi huu: ipindueni ile pembetatu ya kwanza, mstari wa juu uwe na nyota 5 na wa chini nyota 1. Ni hesabu gani inayoifanya 1 kuwa 5, na 2 kuwa 4, na 3 ikabaki 3? Jibu litatolewa toleo lijalo, inshaallah.