Fundi Si Waranti Yako

Kuna beshte yangu hapa Reuben anakatwa shilingi 300 kila siku kwa sababu ya injini ambayo hakuiua. Analipwa 900 kwa siku. Deni ameambiwa ni 85,000. Piga hesabu mwenyewe: hizo ni siku 283 za kazi. Akienda kazi siku sita kwa wiki, bila kuugua, bila mazishi ushago, bila mvua kumfungia njia, atamaliza karibu mwaka mzima akilipia gari ambayo hajawahi kuiendesha kupita geti ya gereji.

Najua komenti zinakuja. "We uliacha kampasi mwaka wa pili, utatuambia nini kuhusu injini?" Ni ukweli, niliacha. Karo ilimshinda mathe, na mimi nikashindwa kumwangalia akikopa tena chama. Lakini hiyo miaka miwili ya uhandisi wa mitambo sikulala darasani, na tangu hapo nimeshinda kwa gereji za Industrial Area na simu yangu nikirekodi hizo video zenu mnapenda. Kwa hivyo leo mnivumilie. Sina video ya Subaru ikitoa moto kwa egzosi. Nina swali: hiyo injini ikinoki, nani analipa?

Wacha niwape story vile ilikuwa.

Jamaa mmoja mwenye pesa zake alinunua Forester ya turbo kwa yadi. Gari ilikuwa imeshatumika hapa Kenya na mtu mwingine. Yadi ikampa karatasi: waranti ya miezi mitatu, injini na giaboksi. Poa. Wiki ya pili akaileta gereji. Anataka nguvu zaidi, anataka na ile milio ya baruti ukiachilia mafuta. Gereji haina mtu wa kompyuta, kwa hivyo wakaita msee wa nje na laptopu yake. Beshte yangu kazi yake ilikuwa kufunga bomba kubwa la egzosi, kubadilisha kichujio cha hewa na kuweka plagi mpya. Msee wa laptopu akachomeka waya, akamwaga programu mpya, akapandisha presha ya turbo, akachukua pesa yake akaenda. Hakuandika hata kwa kipande cha sigara.

Siku kumi baadaye bosi anapiga simu akiwa Southern Bypass saa sita usiku. Gari inatetemeka, moshi wa buluu, mlio mbaya. Injini ikafunguliwa. Pistoni ya silinda ya 4, ule ukuta mwembamba unaoshika ringi umevunjika.

Sasa angalia lawama vile inateremka. Yadi ikasema, "Waranti imekufa siku ulipogusa injini." Msee wa laptopu akasema, "Programu yangu iko sawa, fundi ndiye hakufunga vizuri." Mwenye gereji akaogopa kupoteza kastoma, akasema, "Bosi, tutasaidiana." Na kusaidiana kukawa ni kijana wa Reuben kukatwa 300 kila siku. Lawama ni kama maji ya mvua ya Nairobi, inaanzia huko juu na inakuja kutulia mtaani kwetu.

Kabla mtu aseme mimi nachukia Subaru: siwezi. Hapa Eastlands tumekua na hizo story. Colin McRae alishinda Safari na Impreza 1997, Richard Burns akarudia 2000. Patrick Njiru alipeleka ile Vivio ndogo kwa Safari ya 1993 na ikafika mwisho. Mzee wangu alikuwa anatuambia hizo vitu kama hadithi za mababu. Lakini kumbuka, gari ya McRae haikuwa na waranti, ilikuwa na timu. Kulikuwa na mafundi wanaoingoja kila kituo, injini za akiba, na kampuni nzima inayolipa bili. Wewe una fundi mmoja na spana ya kuazima.

Tuingie kwa kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudanganywa.

Kiwanda kinapotengeneza injini, hakiipeleki mpaka mwisho wa nguvu zake. Kinaacha akiba. Na sababu ni pesa. Huko Japan kawaida gari mpya hupewa waranti ya miaka 3 au kilomita 60,000, na kwa sehemu kubwa kama injini, miaka 5 au kilomita 100,000. Injini ikivunjika ndani ya huo muda, kiwanda ndicho kinalipa. Kwa hivyo lazima wafikirie mafuta mabaya, joto, mlima, na dereva mjinga. Ile akiba ndiyo waranti yenyewe. Karatasi ni ahadi tu kwamba akiba ipo.

Sasa msee anapokuambia anaweza kukuongezea nguvu kwa saa moja kwa laptopu, hizo nguvu anazitoa wapi? Hajaleta pistoni mpya. Hajabadilisha beringi. Anakuuzia ile akiba. Umelipa pesa yako kununua kitu kilichokuwa kinakulinda, na ukakitumia barabarani wikendi moja. Ni haki yako, gari ni yako. Lakini usije Jumatatu kuuliza akiba ilienda wapi.

Na usisahau tuko wapi. Nyingi ya hizi Subaru za turbo zilitengenezewa petroli ya kiwango cha juu ya Japan, ile ya okteni 96 kwenda juu. Super ya pampu zetu za kawaida iko chini ya hapo. Okteni ikiwa chini na presha ikiwa juu, mafuta na hewa hujilipua yenyewe ndani ya silinda bila kungoja moto wa plagi ufike. Kila mlipuko kama huo ni nyundo juu ya pistoni. Halafu Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja kwa tano, kwa hivyo turbo inazunguka kwa kasi zaidi ili ifikie presha ileile, na inapasha hewa joto zaidi. Mtu anadownlodi programu iliyoandikwa kwa mafuta ya nchi nyingine na hewa ya pwani, anaimwaga kwa gari yako hapa Enterprise Road, halafu injini ikifa tunatafuta fundi aliyekaza plagi. Tuheshimiane.

Waranti ya kiwanda nayo, wengi wetu hatujawahi kuiona. Sheria ya kuingiza magari hapa, ile KS 1515, inakataa gari iliyozidi miaka 8, na nyingi zinaingia zikiwa karibu na hiyo miaka. Waranti ya Japan iliisha kabla meli ifike Mombasa. Kwa hivyo Kenya tumebaki na karatasi za yadi na neno la mdomo. "Niamini bosi, hii itaenda." Hiyo ndiyo waranti yetu. Na neno la mdomo huwa linamlinda mwenye sauti kubwa.

Hii si lazima iwe hivyo, kwa sababu sheria ziko, tena kwa pande zote mbili.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinasema mtumiaji ana haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, ana haki ya habari anayohitaji, na fidia akipata hasara. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 inasema anayeuza huduma anahesabiwa ameahidi ubora unaofaa, hata kama hakuandika neno waranti popote. Bosi wa Forester, hiyo ni yako. Msee wa laptopu alikuuzia huduma, mshike yeye. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, ilifunguliwa Milimani 2021. Inasikiliza madai mpaka shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Injini yako inatosha humo vizuri sana. Lakini hukwenda. Ilikuwa rahisi kupiga kelele gereji mpaka mtu mdogo alipe.

Na mwenye gereji, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, unaijua? Inakuruhusu kumkata mfanyakazi kwa mali iliyoharibika, lakini kiasi cha kadiri, na tena kama aliharibu kwa makusudi yake. Makusudi! Sio "gari imenoki ikiwa mikononi mwetu". Sio "kastoma amekasirika". Nimesikia mwenye gereji akijitetea, "Simkati zaidi ya theluthi mbili, niko ndani ya sheria." Buda, hiyo theluthi mbili ni mwisho wa makato ambayo tayari ni halali. Haigeuzi makato ya wizi kuwa halali. Na usiniambie ni kibarua tu. Akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi, sheria hiyohiyo, kifungu cha 37, haimhesabu tena kama kibarua wa leo na kesho.

Marekani wana sheria inaitwa Magnuson-Moss, ya 1975. Kampuni ya magari haiwezi kukunyima waranti eti kwa sababu tu uliweka kipuri cha mtu mwingine. Ikitaka kukataa kulipa, inapaswa kuonyesha hicho kipuri ndicho kilileta hasara. Umeona? Huko hata kampuni yenye mawakili mia inaambiwa ithibitishe. Kwetu kijana mwenye overoli imechanika ndiye anaambiwa athibitishe kwamba hakukosea, na injini imeshafunguliwa, na programu imeshafutwa, na msee wa laptopu amembloki.

Sasa nisikie kwa upande wa pili, kwa sababu mafundi pia si malaika. Ziko injini zimekufa kwa sababu fundi alisahau kukaza bomba la oili, au alifunga gasketi ya zamani akalipisha mpya. Mwenye gari aliyefanyiwa hivyo ana haki ya kukasirika, na akatafute pesa yake. Na beshte yangu nilimwambia usoni: kosa lako ni moja, uliona presha inapandishwa kwa gari ambayo hamkupima kwanza, na ukanyamaza. Akanijibu, "Ningesema nini? Ningesema, kesho kuna mwingine kwa geti." Sikuwa na jibu. Asubuhi pale kwa geti huwa kuna vijana wengi kweli.

Ndio maana simwambii fundi awe shujaa. Nawaambia wenye pesa waandike. Kabla laptopu ichomekwe, karatasi moja, hata ya kitabu cha shule:

Moja, injini ipimwe presha ya kila silinda, na namba ziandikwe. Kama ilikuja mgonjwa, ijulikane ilikuja mgonjwa.

Mbili, nani ameomba nguvu ziongezwe, presha imepandishwa kutoka ngapi hadi ngapi, na gari itatumia mafuta gani. Bosi aweke sahihi.

Tatu, aliyemwaga programu aandike jina lake na aache nakala ya ile ya zamani na ile mpya. Asiyetaka kuacha nakala, asiguse gari.

Nne, kila fundi aandikiwe kazi aliyofanya. Aliyefunga egzosi ajibu maswali ya egzosi. Asijibu ya kompyuta.

Hiyo karatasi haigharimu shilingi 20. Injini ikifa, tunajua tuanzie wapi. Pengine ni msee wa laptopu. Pengine ni wewe bosi, uliyeambiwa usikanyage mpaka oili ipate moto na ukakanyaga. Pengine ni kweli fundi. Lakini itajulikana, haitakisiwa.

Ukiona hiyo karatasi ni kazi nyingi, basi acha gari vile kiwanda kiliiacha. Itakufikisha Naivasha kuangalia Safari, na itakurudisha.

Beshte yangu bado anaenda kazi. Leo ni siku ya 41. Amelipa 12,300, zimebaki 72,700. Nimemwambia twende ofisi ya leba, amesema atafikiria, kwa sababu anaogopa kufutwa. Nitaenda naye akikubali, na sitarekodi.

Kama wewe ni mwenye gereji na unasoma hii, angalia kitabu chako cha mishahara leo jioni. Kuna jina humo unalikata kwa injini ya mtu mwingine? Futa. Na kama wewe ni fundi unakatwa hivi, niandikie inboksi, jina lako litabaki kwangu. Wengine wote, tuma hii kwa yule msee wako wa Subaru. Unamjua.