Someni jina la mtengenezaji kwanza

Mwandishi, kufungua akaunti ya Google na kuingia Play Store umeeleza vizuri. Ila umeruka jambo linalowaponza wageni wengi: jina la mtengenezaji, lile dogo chini ya jina la programu. Ukitafuta WhatsApp, ya juu kabisa inaweza kuwa tangazo la kitu kingine. Yenyewe imeandikwa WhatsApp LLC. Na hizi faili za APK (za kuweka programu bila kupitia Play Store) zinazorushwa kwenye magrupu, jamani, achaneni nazo. Balaa zaidi ni programu za mikopo. Tangu 2023 Google imezikataza kusoma namba na picha zilizomo kwenye simu, kwa hiyo programu ya mkopo ikiomba ruhusa hiyo, ifute. (Hata programu ya tochi, namba za shangazi yako inazitakia nini?) Tafadhali waelezeni wazazi hili kabla hamjawawekea TikTok.