KUUGUZA NYUMBANI NI KAZI, NA HAKI YAKE IDAIWE

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme na wanachama wenzangu juu ya jambo lisilo na makelele, nalo ni haki ya mtu anayemwuguza mume au mke asiyejiweza. Habari za mishahara, likizo na nyumba za kukaa husemwa katika kila mkutano wetu, wala si vibaya. Walakini yule aliyeacha kazi yake ili amwoshe, amlishe na kumgeuza kitandani mwenzi wake hana wa kumsemea. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nia yangu ni kuonyesha kwamba mzigo huu una uzito, kwamba iko nchi iliyokwisha kuupima kwa sheria, na kwamba sisi makarani yatupasa kusaidia, kwa kuwa kalamu i mikononi mwetu.

Najua wako watakaouliza, “Je, mtu mwenye heshima aombe fedha kwa kumwuguza mkewe? Si aliahidi kukaa naye katika afya na ugonjwa?” Aliahidi, ndiyo, wala hakuna anayemwondolea ahadi yake. Lakini fedha hizi si ujira wa mapenzi; ni badala ya riziki iliyokatika. Mtu aliyekuwa akipokea mshahara, na sasa hawezi kwenda kazini kwa sababu mwenzi wake hawezi kuachwa peke yake, amepungukiwa na mapato wakati ule ule ambapo gharama za dawa, sabuni na nauli ya hospitali zimezidi. Karani adaipo posho ya safari haoni haya, maana amesafiri. Basi kwa nini aone haya mtu aliyekesha?

Mfano nitakaoutoa ni wa Uingereza, maana una mafunzo mema na mabaya pamoja. Huko, mwaka wa 1954, mwanamke mmoja jina lake Mary Webster, aliyekuwa mchungaji wa kanisa, aliacha kazi yake ili awatunze wazazi wake. Mwaka wa 1963 aliandika barua kwa magazeti kueleza hali ya wanawake wasioolewa waliokuwa wakifanya kama yeye, na wengi wakamjibu. Hata mwaka wa 1965 wakaunda chama chao. Yeye alifariki mwaka wa 1969, lakini sauti ile haikuzimika. Sheria ilitungwa mwaka wa 1975, na mwezi wa Julai 1976 posho ya kumtunza asiyejiweza ikaanza kulipwa. Tazameni, ndugu zangu, kazi ya barua iliyoandikwa vizuri.

Lakini sheria ile ilikuwa na kasoro kubwa. Mume aliyeacha kazi ili amwuguze mkewe aliweza kuomba posho. Mke aliyeacha kazi ili amwuguze mumewe hakuweza. Mwanamke aliyeolewa na kukaa na mumewe, au aliyekaa na mwanamume kama mke na mume, alitengwa na sheria yenyewe, kwa hoja kwamba mke angekuwapo nyumbani kwa vyovyote. Yaani kazi ile ile, kitanda kile kile na usiku ule ule viliitwa kazi mikononi mwa mume, na mikononi mwa mke vikaitwa desturi. Jambo hili lilidumu miaka kumi. Kisha Bibi Jacqueline Drake, mke wa mtu, aliyeacha kazi ili amtunze mama yake, aliomba posho akakataliwa, akapeleka shauri mbele. Shauri lilifika katika Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya, na tarehe 24 Juni 1986 ikaamuliwa kwamba kumnyima kwa sababu ameolewa ni kinyume cha agizo la mwaka wa 1978 lililotaka wanaume na wanawake watendewe sawasawa. Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza, siku moja kabla ya hukumu, kwamba wake za watu nao watalipwa. Naomba kila mwanachama ajiulize kama hoja ile ya kwamba “mke yuko nyumbani kwa vyovyote” haimo katika vichwa vyetu wenyewe hata leo.

Mwaka wa 2003 posho hiyo ilipewa jina jipya, Posho ya Mwangalizi. Kwa kuwa wengi wetu wana ndugu walioko huko, nitaeleza masharti yake kwa kifupi, kama yalivyokuwa England na Wales katika mwaka wa hesabu ulioanza Aprili 2025; Scotland ilianza kuweka malipo yake yenyewe mahali pa posho hiyo tangu Novemba 2023. Mwombaji awe na umri wa miaka 16 au zaidi. Amtunze mgonjwa kwa saa 35 au zaidi kila juma. Asiwe mwanafunzi wa kutwa. Mgonjwa mwenyewe awe anapokea moja ya malipo ya ulemavu yaliyotajwa katika sheria. Mapato ya mwangalizi, baada ya kodi na makato yanayokubaliwa, yasizidi pauni 196 kwa juma. Si lazima wawe jamaa wala wakae nyumba moja. Fomu ya karatasi huitwa DS700, na maombi huweza kupelekwa kwa intaneti pia.

Hapa karani atatambua mara moja penye matatizo, yaani katika utaratibu wa maombi. Dai la mgonjwa hutangulia, la mwangalizi hufuata. Mwangalizi akichelewa, kwa kawaida hulipwa ya nyuma kwa miezi mitatu tu. Lakini akileta dai lake katika miezi mitatu tangu mgonjwa kukubaliwa malipo yake, laweza kuhesabiwa tangu siku ile haki ya mgonjwa ilipoanza. Basi anayengoja “mambo yatulie kwanza” hupoteza fedha ambazo hazirudi. Tena aulize kwanza kama dai lake halitapunguza malipo mengine anayopata mgonjwa. Na asidharau posho hii kwa udogo wake, maana juma analolipwa huweza kumhesabia mchango wa pensheni, na pensheni sote twajua thamani yake.

Udogo wake, hata hivyo, ni wa kusikitisha. Katika mwaka huo posho ilikuwa pauni 83.30 kwa juma. Igawe kwa saa 35, utapata pauni 2 na peni 38 kwa saa, hali mshahara wa chini wa sheria kwa mtu wa miaka 21 na zaidi ulikuwa pauni 12.21 kwa saa. Serikali yaweza kusema kwamba posho si mshahara, na ni kweli. Lakini hesabu hiyo yaonyesha ni nani hasa anayeichangia nchi.

Ubaya mwingine ni kile kikomo cha mapato. Hakipunguzi posho kidogo kidogo. Mtu akizidi kwa pauni moja, posho ya juma zima hupotea. Waangalizi wengi wenye kibarua cha saa chache walivuka kikomo bila kujua, wakaendelea kulipwa, na baada ya miaka wakadaiwa maelfu ya pauni. Wengine walipelekwa mahakamani. Idara yenyewe ilikuwa ikipokea taarifa za mapato yao kutoka kwa watoza kodi, wala haikuzishughulikia zote kwa wakati. Mwaka wa 2024 ilijulikana kwamba watu zaidi ya 130,000 walikuwa na madeni ya namna hiyo, jumla yake zaidi ya pauni milioni 250. Uchunguzi ulioongozwa na Liz Sayce ulitolewa Novemba 2025, nao ulionyesha kwamba maagizo juu ya kukadiria mapato yanayopanda na kushuka hayakuwa wazi. Na Serikali ikakubali kuyatazama upya mashauri yaliyoharibika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwangalizi atunze hati za mshahara, nakala ya kila barua, na tarehe ya kila simu.

Tena onyo moja kwa ndugu zetu wahamiaji. Wengi wamekwenda Uingereza kuuguza wazee wa watu kwa mshahara, na viza zao zina sharti la kutopokea fedha za umma. Posho ya Mwangalizi ni katika fedha hizo. Mwenye viza ya namna hiyo asijaze fomu kabla ya kupata shauri la mtu ajuaye sheria, asije akapoteza ruhusa ya kukaa.

Sasa tutazame kwetu. Kenya, tangu mwaka wa 2011, hulipa fedha kwa nyumba maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji kutunzwa saa zote, nayo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni jambo la kushukuru, walakini hulipwa nyumba; mwangalizi hahesabiwi kwa nafsi yake. Tanzania Bara uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2008 na kuanza kazi mwaka wa 2015. Katika mafao yake yamo malipo kwa anayemhudumia mfanyakazi aliyeumia kiasi cha kutoweza kuishi bila msaada wa mtu mwingine. Sisi watumishi wa Serikali tumo katika Mfuko huo. Je, ni wangapi kati yetu wanaolijua fao hilo? Lakini ulemavu sharti uwe umetokana na kazi. Mwalimu aliyepooza kwa kiharusi kitandani pake hawezi kuupata mlango huo, wala mkewe anayemwinua kila asubuhi.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, kila tawi lichague karani mmoja au wawili wa kuwasaidia wanachama na wajane wao kujaza fomu za mafao, bila malipo, na kuweka nakala. Pili, chama kiwaandikie wakubwa kuomba kwamba mtumishi mwenye mume au mke asiyejiweza apewe likizo ya kuuguza, au saa za kazi zinazolingana na hali yake, pasipo kupoteza haki zake za pensheni. Tatu, barua hiyo itaje waziwazi wanaume na wanawake kwa sawa, ili tusirudie kosa lililowachukua wengine miaka kumi kulitengeneza.

Wako watakaosema kwamba hazina haina fedha. Huenda ikawa kweli kwa fedha nyingi. Lakini kumjazia mjane fomu hakuhitaji hazina, wala kumruhusu mtumishi aanze kazi saa moja baadaye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi hatujainama bado. Natumaini mashauri haya yatawekwa katika ajenda ya mkutano ujao, nami ni tayari kuwa mmoja wa makarani hao katika tawi letu.

Wasalaam,
Mimi mwanachama mwenzenu,
KARANI