Chumvi Isiyo na Madini Joto ni Dhuluma kwa Watoto

Katika njia panda ya Msata, barabara ya kilomita 64 itokayo Bagamoyo hukutana na barabara kuu ya Chalinze hadi Segera. Gunia la chumvi ya pwani likifika hapo laweza kuelekea kaskazini, Tanga na Kilimanjaro, au kusini hadi Chalinze na kutoka huko kwenda Morogoro, Iringa na Mbeya. Popote liendapo, swali ni moja: je, chumvi hiyo imetiwa madini joto? Mtumishi wa umma asiyejali jibu la swali hili hana haki ya kujiita mtetezi wa afya ya wananchi.

Mbele ya shingo ya kila binadamu kuna tezi ndogo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza matumizi ya nguvu na joto mwilini, ukuaji wa mtoto na ujenzi wa ubongo. Homoni hizo haziwezi kutengenezwa bila madini joto, na mwili hauyaumbi, lazima yaliwe. Yakipungua, ubongo huiamrisha tezi ifanye kazi zaidi, nayo hutanuka bila mafanikio. Hilo ndilo rovu. Lakini rovu ni dalili inayoonekana tu. Msiba mkubwa umefichika tumboni mwa mama mjamzito, kwani katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni za mama yake. Zikikosekana, ubongo wa mtoto hudumaa, na hasara hiyo hairudishwi na kitabu wala kiboko.

Kuna walimu wanaoharakisha kumwita mtoto mzito au mvivu. Ni vyema wajiulize kwanza mtoto huyo na mama yake wamekula nini.

Taifa letu halikuanza leo kupambana na adui huyu. Katika nyanda za juu, ambako mvua za karne nyingi zimeosha madini haya kutoka ardhini, rovu lilikuwa jambo la kawaida. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973. Katika miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika sana, na katika miaka ya 1990 sheria ikaagiza chumvi ya kula itiwe madini hayo. Uswisi ilianza kufanya hivyo tangu mwaka 1922. Kwa hiyo hakuna awezaye kudai kwamba dawa haijulikani.

Wapo wasemao kwamba watu wa pwani hawahusiki, kwa kuwa chumvi yao hutoka baharini. Huo ni upotoshaji. Samaki wa baharini wana madini joto, lakini chumvi inayokaushwa kwa jua katika mabwawa ya Bagamoyo na Saadani hubakiwa na kiasi kidogo mno. Wala si kila nyumba ya Msata hula samaki wa baharini kila siku. Aidha, muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri huacha sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachoizuia tezi kupokea madini hayo. Mlaji wa muhogo anaihitaji chumvi hii zaidi.

Wengine husema madaktari wanatuhimiza kupunguza chumvi. Ni kweli: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku. Basi tule kidogo, lakini hicho kidogo kiwe kimetiwa madini joto kwa kipimo, maana yakizidi mno nayo huivuruga tezi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku na mama mjamzito 250. Mahitaji ya miaka 70 hayajazi kijiko kimoja cha chai! Ni aibu kwa taifa kupoteza akili za watoto kwa kukosa kitu kidogo kiasi hicho.

Hata hivyo, kumkamata mzalishaji mdogo na kumwaga chumvi yake hakutoshi. Mtu anayekusanya chumvi kwa jembe na toroli hawezi peke yake kununua mashine na kemikali ya kutilia madini. Sheria isiyoandamana na huduma humkandamiza mnyonge na kumwacha mlanguzi akipenya. Wazalishaji wadogo waunganishwe katika ushirika, wanunue kemikali kwa pamoja na kufundishwa kuichanganya sawasawa. Baada ya hapo, atakayekaidi achukuliwe hatua bila huruma.

Ndugu watumishi, kagueni chumvi sokoni kabla ya kuandika taarifa mezani. Ndugu walimu, waagizeni wanafunzi walete chumvi kidogo kutoka nyumbani ipimwe kwa matone. Yenye madini joto hugeuka rangi ya buluu. Wafundisheni kuihifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko na kuitia chakulani karibu na kuiva, ili madini yasipotee. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulitangaza vita dhidi ya umaskini, ujinga na maradhi. Chumvi isiyo na madini joto inawasaidia maadui wote watatu, nayo ingali inauzwa kwa kipimo cha kopo mbele ya macho yetu.