Msiwape Watoto Jibu Kabla Barafu Haijayeyuka





Kila likizo inapokaribia, wazazi hapa Bujumbura huniuliza watoto wafanye nini baada ya madrasa ili wasishinde barabarani au mbele ya televisheni. Pendekezo langu moja halina gharama kubwa: wafanye uchunguzi wa chumvi na barafu. Watoto wengi wa shule wamesikia kwamba chumvi huyeyusha barafu, ila walioliona jambo hilo kwa macho yao ni wachache. Maoni yangu ni kwamba mkiwapa jibu kabla hawajaona, mmewaharibia somo, na huenda mmewafundisha uongo bila kukusudia. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tutazame mahali tulipo. Katika nchi za baridi, kama Ulaya na Kanada, barabara hufunikwa na theluji na barafu ambayo haiyeyuki, kwa kuwa hewa yenyewe iko chini ya nyuzi 0. Watu wa manispaa humwaga chumvi, na barafu inaanza kuyeyuka ingawa baridi haijapungua. Kule kazi ya chumvi inaonekana wazi. Lakini sisi wa Buyenzi au Kinama tukiweka barafu mezani saa saba mchana, itayeyuka yenyewe. Basi mtoto akinyunyiza chumvi na barafu ikayeyuka, amethibitisha nini? Hakuna. Huenda ni joto la Bujumbura tu.

Kwa hiyo mpango mzuri unahitaji vipande viwili. Mwache mtoto afikie hapo mwenyewe kwa kumuuliza: "Utajuaje kuwa ni chumvi?" Akishapata wazo la kulinganisha, msaidieni kupanga hivi:

1. Vipande viwili vya barafu viwe sawa. Gandisheni maji ya kipimo kimoja katika vikombe viwili vinavyofanana, ndani ya friji moja, usiku mmoja. Umeme ukikatika, vyote viwili vitapata hali moja.

2. Viwekwe kwenye sahani mbili za aina moja, kivulini, pamoja na kwa wakati mmoja.

3. Kimoja kinyunyiziwe kijiko kimoja cha chumvi. Cha pili kisiguswe. Jambo linalobadilishwa liwe moja tu.

4. Kabla ya kuanza, kila mtoto aandike anachodhani kitatokea. Kisha kila dakika 5 aandike alichokiona. Asifute alichodhani mwanzo hata kikiwa si sahihi.

Kwa kawaida kipande chenye chumvi kitatangulia kuyeyuka. Sababu yake mtaieleza baadaye: juu ya barafu daima kuna utando mwembamba wa maji, ambayo mengine huganda tena. Chumvi ikiingia katika maji hayo inazuia kuganda, basi kuyeyuka kunashinda. Tena barafu inapoyeyuka huchukua joto la vitu vilivyo karibu nayo. Ndiyo maana barafu iliyochanganywa na chumvi nyingi huwa baridi zaidi kuliko barafu tupu, na inaweza kushuka mpaka kama nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwa hiyo tahadhari: mtoto asishike mchanganyiko huo mkononi wala kuuweka juu ya ngozi. Unaunguza kama moto.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Siku ya pili wafanye jaribio jingine. Chukueni glasi mbili za maji yaliyokaa chumbani, moja ikorogwe vijiko kadhaa vya chumvi, nyingine iwe maji matupu. Tieni barafu sawa katika kila glasi na msikoroge tena. Mtoto aliyekariri kuwa "chumvi huyeyusha barafu" atasema glasi ya chumvi itatangulia. Lakini hapa itachelewa! Maji ya chumvi ni mazito. Maji baridi yanayotoka kwenye barafu hubaki yakielea juu, yakiizunguka barafu kama blanketi. Katika maji matupu yale ya baridi huzama, na maji ya vuguvugu huja kuchukua nafasi yake.

Hapo ndipo penye mtihani wa mtoto. Ameona jambo lisilolingana na jibu alilopewa na mkubwa. Ataandika nini? Watoto wetu wamezoea kumridhisha mwalimu. Wengi wataandika lile linalotakiwa, na hapo watakuwa wametoa ushahidi wa uongo juu ya glasi ya maji. Leo ni glasi, kesho ni hesabu za duka au ripoti ya ofisini.

Wapo watakaosema haya si mambo ya ustadhi, na kwamba sisi wa madrasa ndio tunaohimiza kuhifadhi. Naam, tunahimiza, na tutaendelea. Qur'ani tunaipokea kama ilivyofikishwa, hatuongezi herufi. Lakini amana ni ile ile. Wanachuoni wa hadithi walimkataa mpokezi aliyejulikana kwa uongo, kwa sababu wajibu wake ulikuwa kusema alichosikia, si alichopenda. Na mtoto anayetazama barafu ni mpokezi pia: aseme alichokiona.

Jirani zetu Watanzania wana mfano mkubwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, alitia maziwa ya moto kwenye friji akitengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye wanafunzi wenzake walimcheka. Yeye hakubadilisha alichokiona. Alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikwenda kujaribu badala ya kucheka. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo, na wapo waliorudia bila kuliona. Lakini wanabishana kwa kupima, na jina linalotajwa ni la kijana yule.

Basi nawaombeni, wazazi wenzangu: mtoto akija na jibu msilolitarajia, msimkaripie wala msimcheke. Mwambieni, "Turudie tuone." Barafu ni ya kuyeyuka, lakini mazoea ya kusema kweli yatabaki naye Insha Allah.