Fimbo ya Zakaria

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, mwaka 1971. Ndani yake Zakaria, baba mlevi, anamchapa vibaya bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume. Akifika chuoni, mbali na macho ya baba, anapotea.

Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, kikadhaniwa kitaharibu mabinti. Kumbe kilikuwa kinawasema wazazi: mtoto aliyelelewa kwa woga tu atajilinda na nini siku fimbo haipo?

Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Mzazi mwenye binti wa sekondari akisome kwanza yeye, kisha ampe mwanawe, wazungumze.